Lubisi Ndani ya Rejeta

Lori lilikuwa limekwisha kutoka Bukoba, linapita Nyanga katikati ya migomba, na Projestus alikuwa anaimba wimbo wa kanisani puani. Asubuhi ilikuwa na ubaridi mtamu na ziwa limetulia nyuma yake. Ndugu zangu, mngemwona mngesema hakuna mwenye raha kumshinda katika Tanganyika yote ya Mwingereza.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitla, malori ya dizeli ndiyo kwanza yanazoeleka barabara ya Muleba. Nyuma ya kiti aliweka madebe mawili. Moja la maji, maana rejeta ya lori lile ilivuja kidogo na kila mlima ilitaka kunyweshwa. La pili lilikuwa la lubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kumpelekea baba mkwe wake, mzee Lwakatare wa Nshamba.

Mkewe Klaudia alikuwa amerudi kwao tangu mavuno ya kahawa, amechoshwa na ulevi. Wazee walikaa, wakaamua: Projestus aje Jumamosi na lubisi ya kuomba radhi, kama ilivyo desturi, lakini yeye mwenyewe awe hajagusa hata tone. Akifika hivyo, ataondoka na mke wake. Akishindwa, asirudi tena.

Naye alimtamani sana. Zamani Klaudia alikuwa akikaa kiti cha pembeni, mkono nje ya dirisha, akitaja wenye nyumba zote za njiani: hapa kwa Byabato, pale kwa Anatolia. Siku ile Projestus alizitaja mwenyewe kwa sauti, na nyingine akazisahau.

Alipofika Muhutwe akajiambia, nionje kidogo tu, isije ikawa imechacha nikaaibika ukweni. Akaonja. Mbele kidogo akahakikisha tena. Alipotazama, debe lilikuwa limepungua sana, na debe pungufu ukweni ni tusi. Basi akachukua maji ya gari akajazia lubisi mpaka ukingoni, roho ikamtulia. Pombe humpa mtu akili ya kuficha, na kumnyima akili ya kukumbuka.

Mlimani mshale wa joto ukapanda. Akasimama, akalishika debe la maji: tupu. Mto ulikuwa mbali bondeni, na Klaudia anangoja. Akaona kuteremka ni kuchelewa. Akaimimina lubisi ndani ya rejeta, akafunga kifuniko, akaendelea.

Lori liliingia Muleba likifuka kama jiko la kuni mbichi. Fundi Muhidini, ambaye baba yake alitoka pwani, akaja akijifuta mikono. Kabla hajauliza neno, Projestus alimwona Klaudia anavuka barabara, ana ndizi na maharage yamefungwa kwenye jani.

“Nimeshindwa kungoja, waitu, mwenzangu,” akasema akicheka. “Nimemwambia tata, baba yangu, kwamba naja sokoni. Nilitaka tuingie Nshamba pamoja, nikae kwenye kiti changu.”

“Vizuri,” akajibu Projestus, amesimama upande wa pili wa moshi.

“Mbona unaongea umenipa kisogo?”

“Moshi huu, mke wangu.”

Muhidini alibonyeza mkanda wa feni, umekaza vizuri. Akachomoa kijiti cha oili, oili safi, haina weupe wa maji. Akagusa rejeta kwa tahadhari: juu inaunguza, chini baridi.

“Maji hayateremki,” akasema. “Ndani kumeziba.”

Injini ilipopoa akafungua bomba la chini. Hakikutoka kitu. Akachokoa kwa waya, likatoka povu la kahawia lenye kunata, na ndani yake punje za mtama. Akanusa.

“Bwana dereva, mimi Mwislamu, siwezi kuonja. Lakini pua yangu haijasilimu. Gari lako limelewa.”

Waliokuwa barazani wakacheka. Klaudia hakucheka. Aliokota punje moja ya mtama, ule tunaochanganya kwenye lubisi ili ichachuke, akaitazama kidoleni.

“Kwa nini uliitia humu?”

“Maji yaliisha.”

“Yaliishia wapi?”

Projestus akalitupia jicho debe lililokuwa nyuma ya kiti. Klaudia akafungua mlango, akachovya kidole katika debe lililobaki, akalamba.

“Ya tata imekuwa maji,” akasema polepole, “na maji ya gari yamekuwa lubisi.” Kisha akaweka lile jani la chakula juu ya kiti chake cha zamani. “Kula, hujala tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nimekuja, Projestus.”

Akashika njia ya Nshamba kwa miguu.

MAFUNZO

Enyi waume wenzangu, aliyemharibia Projestus si baba mkwe wala rejeta mbovu. Ni ule mwonjo wa kwanza, na maji aliyoufichia. Ukikosea, fika na debe lako pungufu useme nimekosea. Mke anayekupenda anaweza kulipokea debe pungufu. Lililotiwa maji hawezi.

Na hivi ndivyo walivyoishia. Injini iliungua, mwenye lori akamwachisha Projestus kazi. Muhidini alihamia Biharamulo. Mzee Lwakatare alifariki mwaka uliofuata. Klaudia alilima kahawa ya baba yake na hakuolewa tena. Projestus aliacha pombe, wakati hakuna tena aliyekuwa anamngoja. Alikaa Nyanga kando ya barabara, akitaja wenye malori yanayokwenda Muleba, mpaka alipokufa.