Turubai la Kotoha

Kila asubuhi kabla ya chai, Kotoha humvalisha bibi yake soksi. Tangu Bibi Fumie afanyiwe upasuaji wa nyonga, kuinama kwake ni kazi. Jumamosi hiyo, bibi alichungulia dirishani akaguna.

"Kesho mvua itayapukutisha maua yote. Mwaka jana yalinipita nikiwa hospitali. Leo lazima nikae chini ya mcheri wetu wa mtoni."

"Utakaa, Bibi. Nakwenda kukushikia nafasi sasa hivi," alisema Kotoha. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na akishaamua jambo harudi nyuma.

Pale Okayama, Japani, siku za maua watu hujaa mtoni kula na kustarehe chini ya micheri; anayechelewa kutandika huishia kando ya vyoo. Kotoha alibeba turubai la buluu, kubwa kuliko yote yaliyokuwa nyumbani, akalitandaza lote chini ya mcheri. Akavua viatu na kukaa katikati kama mwenye shamba.

Mara akaja kijana mmoja anahema, kreti ya vinywaji begani.

"Samahani, mdogo wangu. Naitwa Ogata. Mimi mgeni kazini, wakubwa wamenituma niwashikie nafasi, nami nikapitiwa na usingizi. Ninyi mko wangapi?"

Kotoha hakutaka mtu ambane bibi yake. "Kumi na wawili," akajibu.

"Basi leo nitasemwa mpaka nikome," alisema Ogata. Akainamisha kichwa kwa adabu, akaenda kutandika kando ya vyoo. Kotoha aliona haya, lakini hakumwita.

Adhuhuri mama alifika akimshika bibi mkono. Bibi aliyatazama maua, machozi yakamlengalenga. Kisha akatazama chini.

"Huu uwanja wa mpira ni wa nani? Si tuko watatu?"

Wakamshika bibi wamkalishe, lakini nyonga ilikataa. Uso ulimkunjamana kwa maumivu.

"Siwezi kufika chini. Nirudisheni nyumbani," alisema kwa sauti ndogo.

Kotoha alijilaumu sana. Yeye anayemvalisha soksi kila siku, alisahauje? Hapo akakumbuka ile kreti. Kuiomba kulimaanisha kuungama, na alijua hivyo. Akavaa viatu.

"Msiondoke. Nakuja."

Alimkuta Ogata amekaa peke yake.

"Kaka, nilikudanganya. Tuko watatu tu, nafasi ipo. Na bibi yangu hawezi kukaa chini. Naomba kreti yako."

Ogata alimtazama kidogo. "Na wale tisa umewameza?" Akacheka, akajitwika kreti.

Walitoa chupa, wakaipindua kreti ukingoni mwa turubai, mama akaweka koti lake juu. Bibi Fumie akakaa, mgongo umenyooka, maua yakimdondokea mabegani. Wakubwa wa Ogata walipofika, walivua viatu na kujaa upande wa pili wa turubai, wakimsifu kijana wao kwa nafasi nzuri.

Kotoha alimweleza bibi yote. Bibi alitafuna tonge lake la wali taratibu, kisha akasema, "Ungewang'ang'ania watu wako kumi na wawili, saa hii ningekuwa nyumbani natazama ukuta. Ukikosea kwa kusema uongo, mjukuu wangu, inuka ukaseme kweli mapema, hata kama miguu ni mizito."

"Ndiyo, Bibi."

"Haya, nivue viatu. Nami nataka kukanyaga turubai."

Kotoha akapiga magoti, akamvua viatu, na zile soksi za asubuhi pia.