Pesa za Wachangiaji wa Njia ya Chumvi

Jumatano na Jumamosi Delmira Colque humsaidia mama yake kuuza viazi sokoni, mjini Cochabamba. Siku nyingine hubaki nyumbani akichora. Huchora milima, nyumba za udongo, na llama waliobeba magunia. Kaka yake Limber huzichukua picha hizo na kuzifanya zitembee ndani ya kompyuta.

Wawili hao walikuwa wanatengeneza mchezo wa video. Waliuita Njia ya Chumvi. Mchezaji anaongoza llama wake kutoka nyanda za juu hadi mabondeni, na kila mji anaofika anabadilishana chumvi kwa mahindi.

Mtaji hawakuwa nao. Waliandika ombi kwenye tovuti ya michango, wakaonyesha picha chache. Watu mia tatu na kumi na wawili wakawachangia. Baada ya tovuti kukata chake, zilibaki boliviano elfu arobaini na nne. Waliwaahidi wachangiaji kwamba mchezo utatoka mwezi wa Machi.

"Shika wewe pesa," Limber alimwambia dada yake. "Mimi nikizishika zitaishia kwenye kuku wa kukaanga."

Walinunua kompyuta kwa elfu tisa. Limber aliacha kazi ya kutengeneza simu, kwa hiyo kwa miezi sita alipewa elfu tatu kila mwezi. Zilizobaki zilimtia Delmira hofu. Alijua nyumba yao. Leo bati linavuja, kesho shangazi anaumwa jino. Akafanya kama mama yake anavyofanya miaka yote: akaingia upatu.

Pamoja naye walikuwa wanawake kumi wa sokoni, kila mmoja akichanga elfu mbili kila mwezi, na kila mwezi mmoja anachukua zote. Delmira alipata zamu ya kumi, ya mwisho kabisa. Hakusikitika. Aliona pesa zimewekwa mahali ambapo hata yeye hawezi kuzigusa.

Machi ikafika. Mchezo haukuwa tayari. Mpiga charango, lile gitaa dogo la milimani, aliyekubali kurekodi muziki alitaka elfu saba. Delmira alifungua kopo lake la pesa akakuta elfu tatu tu. Elfu kumi na nne zilikuwa kwenye upatu, na bado raundi tatu za kuchanga.

"Umewaandikia wachangiaji?" alimuuliza Limber.

"Niwaandikie nini? Nikipata kitu kizuri cha kuonyesha, nitaandika."

"Mara ya mwisho ilikuwa Novemba, kaka."

"Basi wasubiri. Hawali huo mchezo."

Lakini watu walikuwa wamechoka kusubiri. Dereva mmoja wa Oruro aliandika: "Nilitoa hamsini. Sidai mchezo leo. Nadai jibu." Mwingine hakuwa na adabu hiyo: "Wezi wakubwa! Jumapili tunawashtaki kwenye tovuti." Mashtaka yakiwa mengi, tovuti hufunga ukurasa. Ukurasa ukifungwa, mchezo umekufa, na jina la Colque linabaki pale na doa lake.

Alhamisi asubuhi Bi Casilda aligonga mlango. Huyu ni mweka hazina wa kamati ya maji ya mtaa. Kila mwezi hupita nyumba kwa nyumba kusoma mita, daftari kwapani, kofia ya majani kichwani.

"Uniti sita," alisema akiandika. "Mnaoga sana siku hizi, au mnafuga bata?"

Delmira hakucheka. Simu yake ilitetemeka mezani, ikatetemeka tena.

"Mchumba huyo anakusumbua?"

"Afadhali angekuwa mchumba, Bi Casilda."

Akamweleza habari ya mchezo na matusi ya wachangiaji. Bi Casilda alivuta kiti.

"Pesa imeliwa?"

"Hapana! Haijaliwa hata senti."

"Iko wapi?"

"Kwenye upatu wa mama."

"Wenye pesa wanajua?"

"Hawajui."

"Ngoja nikuambie, mwanangu. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kamati, nilimkopesha mpwa wangu pesa ya pampu. Wiki mbili tu, akarudisha zote. Lakini katikati ya hizo wiki mbili pampu iliharibika. Watu walinijia hapa na ndoo tupu. Jirani yangu Bi Nemesia alitaka kunivisha yake kichwani! Nilipiga kelele, 'Sikuiba!' Wakaniuliza, 'Tutajuaje?' Sikuwa na hata karatasi moja ya kuwaonyesha."

"Ukafanyaje?"

"Nilisimama mkutanoni nikasema nilichofanya. Nilizomewa mpaka masikio yakawaka. Tangu siku hiyo, kila Jumapili ya kwanza nabandika karatasi ukutani. Kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Na risiti zake. Hata mwezi ambao sina jipya, nabandika."

Delmira akachukua simu yake mezani. "Mimi nitabadilishana zamu na mwanamke mwenye zamu ya mwezi huu. Nikipata pesa, namlipa mpiga charango, halafu nawaandikia kwamba mambo ni mazuri. Ya upatu nisiyataje."

"Hapo umekosea."

"Kwani pesa si itakuwa imerudi?"

"Pesa itarudi. Wao wataaminije? Walikupa pesa ya mchezo, wewe ukaiweka kwenye upatu bila ruhusa yao. Kama mama mmoja angeugua akashindwa kuchanga, ungewaambia nini? Wasikie kwako kwanza, kabla hujapata hata senti. Wakisikia kwa mtu mwingine, hata risiti zako wataziona za uongo."

Limber alikuwa amesimama mlangoni muda wote. "Tukisema hivyo watatutukana, Bi Casilda."

"Mnatukanwa tayari," alijibu. "Sasa hivi mnatukanwa bure."

Siku ile ile waliandika. Limber aliandika, Delmira akasoma kwa sauti, Bi Casilda akakata maneno ya mapambo. "Hii 'changamoto zisizotarajiwa' ni nini? Andika upatu."

Waliorodhesha kila kilichoingia na kilichotoka. Wakapiga picha za risiti. Delmira akaandika kwa mkono wake: "Pesa zenu elfu kumi na nne niliziweka kwenye upatu wa sokoni. Nilidhani nazilinda. Nilikosea kutowauliza. Anayetaka pesa yake aseme, atarudishiwa tukishapokea zamu yetu. Tumeupunguza mchezo, miji minne itakuwa mitatu. Utatoka Agosti. Kila tarehe tano tutatoa hesabu, kama alivyotufundisha mama wa kamati yetu ya maji, tuwe na jipya au tusiwe nalo."

Jioni hiyo matusi yalikuja, kama Limber alivyosema. Watu ishirini na watatu walidai pesa zao. Lakini Jumapili ilipofika, hakuna aliyepeleka mashtaka.

Mama yao alizungumza na mwenzake mwenye zamu ya nane. "Wewe bati zako unaezeka lini?"

"Mvua zikikaribia."

"Basi nipishe zamu, ya kumi uchukue wewe."

"Sawa, lakini viazi mwezi huu unanipimia vizuri, si kama kawaida yako!"

Delmira akapokea elfu ishirini. Kwanza alitenga elfu nne za raundi mbili zilizobaki, ili asimwangushe mtu. Kisha akafungua akaunti benki kwa ajili ya mchezo peke yake, inayotaka sahihi mbili, yake na ya Limber. Waliodai walirudishiwa wote. Mpiga charango alilipwa nusu, na nusu alipomaliza kurekodi.

Mwezi wa Juni Limber alishikwa na homa wiki tatu. Kazi ilisimama. Tarehe tano Delmira aliogopa, lakini aliandika: "Mwezi huu hatukufanya kazi. Limber anaumwa. Pesa haikuguswa." Majibu yakaja arobaini na kitu. Mmoja alimwelekeza majani ya kuchemsha. Mwingine alimkataza kabisa kumpa maziwa. Pesa hakuna aliyeiulizia.

Mchezo ulitoka Agosti, na miji yake mitatu. Hesabu ya mwisho, baada ya kumlipa Limber miezi ya mwisho na gharama ndogondogo, ilionyesha zimebaki boliviano thelathini na mbili. Delmira aliwauliza wachangiaji zifanyiwe nini.

"Nunueni uji wa mahindi meusi na maandazi ya jibini," aliandika mwanamke mmoja wa Tarija. "Nyinyi wawili na yule mama wa maji."

Chini yake mwingine akaongeza, "Na risiti tuione."

Asubuhi iliyofuata waliketi watatu sokoni, wakanywa uji wa moto. Delmira alipomaliza, alimgeukia muuzaji. "Mama, niandikie risiti."

"Ya uji?" muuzaji alishangaa.

"Ya uji. Kuna watu mia mbili na themanini na tisa wanaisubiri."