Mwanafunzi Aliyekataa Kufaulu

— Elkanah, jana sokoni Shianda ulikuwa unamsomea nani risiti ya mzani?

 Mwanamume mzima, mkata miwa, akabaki kuangalia viatu vyake mlangoni pa darasa langu.

— Mama Nabwire, mwalimu. Aliniomba tu.

— Ukasoma tani, ukasoma bei, ukasoma hadi makato. Na hapa kwangu umeanguka mtihani miaka miwili, eti herufi zinakushinda.

Nilikuwa na hasira ya kumeza mtu. Miwa ilikuwa na pesa miaka hiyo, lakini darasa letu la ngumbaru, la watu wazima wanaojifunza kusoma, liliishi kwa wafadhili, nao walitoa pesa pale tu watu ishirini walipofaulu. Mwaka uliopita tulipata kumi na tisa. Tangu hapo sikuwa nimelipwa mshahara, na Mzee Makhanu, mweka hazina wetu, alikuwa akiuza kuku wake anunue chaki. Tukikosa tena, tunafunga. Na mtihani ulikuwa asubuhi hiyo hiyo.

— Kwa nini, Elkanah?

— Mtu akifaulu, mnampatianga cheti, anaenda. Mimi nikienda nitakuonea wapi? Wewe ni binti ya karani wa kiwanda. Mimi ni wa panga na masizi.

— Kwa hivyo ukaona afadhali tusifikishe ishirini wa wafadhili, wote wakose shule.

— Hiyo ya ishirini sikujua. Haki ya Mungu sikujua. Lakini kukupenda, hiyo sitaomba msamaha.

Moyo wangu uliruka, nao nikaukasirikia.

— Ingia ndani. Ukianguka leo, tusijuane tena.

Alasiri, Bwana Lusweti, msimamizi aliyetumwa na wafadhili, alimaliza kusahihisha. Waliofaulu kumi na tisa. Ilibaki karatasi ya Elkanah, na swali la mwisho lilitaka barua ya kuomba kitu. Akaisoma kwa sauti mbele ya wote:

"Kwa Mzee Shikanga. Mimi ni Elkanah, mkata miwa. Naomba kuja kwako Jumamosi na wazee wetu, tuongee habari ya Dinah. Sina shamba, niko na mikono. Ukinikataa, nitakuja Jumamosi ile ingine."

Darasa likaangua kicheko, maana Dinah ni mimi, na Mzee Shikanga ni baba yangu. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

— Nani anamwandikia mkwe hivi? Lusweti akauliza. Hii haina adabu. Siwezi kuipitisha.

Nikasimama.

— Swali lilisema aombe. Ameomba. Nionyeshe neno moja alilokosea.

Akatafuta, akageuza karatasi, akatafuta tena. Mwishowe akaandika: Amefaulu. Mzee Makhanu alifunika uso kwa kofia yake akalia waziwazi.

Nikaipeleka ile karatasi hadi dawati la nyuma, alipoketi Elkanah.

— Umefaulu. Sasa toka, sikutaki tena kwa darasa langu.

— Mwalimu, na hiyo barua?

— Nitampelekea baba mwenyewe. Akikataa, ajue amekataa watu wawili.