Vizibo Vipya vya Wanjira

Jumamosi, baada ya kuteka maji na kufagia uwanja, Wanjira alipewa kazi nyingine hapo kwao Uthiru. Mama yake, Annah, alikuwa na mafua na pua imemziba kabisa. Alimwonyesha sanduku la chai lililopigiliwa ukutani. Hilo ndilo lililokuwa kabati lao la dawa.

"Lisafishe, mwanangu. Baba yako anasema linanuka. Mimi leo sinusi chochote."

Kisha akachukua jembe, akaenda kuchimba viazi. Dedan, mdogo wake Wanjira wa miaka minne, alibaki ameketi juani, akikohoa.

Sanduku lilikuwa limejaa. Kulikuwa na vidonge vilivyogeuka unga, kopo la marhamu lenye kutu, na chupa nyingi kuliko dawa zenyewe. Mama hakutupa chupa, kwa maana pale dispensari mgonjwa asiyekuja na chupa yake hapewi dawa ya maji. Wanjira alivitumbukiza vile vidonge katika shimo la choo, akasugua chupa tupu kwa majivu, akazipanga kwa urefu.

Zilisalia chupa mbili zenye dawa ya rangi ya kahawia. Moja ilizibwa kwa gunzi la hindi, nyingine kwa kitambaa kilichochakaa. Vizibo hivyo vilimchukiza Wanjira. Akavitupa, akachonga magunzi mawili meupe, akaziba chupa zote mbili. Sasa zilipendeza kama mapacha.

Mama aliporudi, alikuwa pamoja na jirani yao, Mama Haron. Wote wawili walisimama mbele ya sanduku wakistaajabu.

"Annah, kumbe una daktari nyumbani!" alisema Mama Haron. "Kesho atatudunga sindano, na mimi nina woga!"

Wanjira alicheka kwa furaha. Mama akamshika bega. "Huyu ni wa kutegemewa," akasema.

Dedan akakohoa tena, safari hii mpaka machozi yakamtoka. Mama akatwaa chupa ya gunzi iliyokuwa karibu, bila kuitazama ile nyingine, akamimina dawa kijikoni.

"Fungua mdomo, baba. Hii ya gunzi ni ya kunywa. Ile ya kitambaa ndiyo ya kuchua mgongo wa baba yako. Hiyo hainywewi, ni sumu."

Wanjira alikimbilia mbele. Kijiko kilikuwa karibu kugusa midomo ya Dedan.

"Mama, ngoja! Usimpe!"

Mkono wa Mama ulisimama. "Kuna nini?"

"Nilibadilisha vizibo. Zote nimeziba kwa magunzi."

Mama alirudisha kijiko nyuma polepole, akanusa, asisikie harufu yoyote. Mama Haron naye akajaribu, akapiga chafya. "Zote kali! Mimi sibahatishi na mtoto wa mtu."

"Nusa wewe, Wanjira," alisema Mama. "Wewe ndiye uliyezishika. Ni ipi?"

Wanjira alinusa moja, kisha nyingine. Alidhani kidogo kuwa ile ya kushoto ndiyo ya kunywa. Alitamani mno kusema, "Ni hii," ili aendelee kuwa yule daktari aliyesifiwa. Wanawake wote wawili walikuwa wakimtazama. Akamtazama Dedan, ambaye bado alikuwa amefungua mdomo akingojea.

"Sijui, Mama," alisema. "Sijui kabisa."

Mama hakumpiga wala hakumkaripia. Alimwaga dawa zote mbili shimoni, akamfunga Dedan mgongoni. "Lete chupa safi, twende kabla hawajafunga."

Pale dispensari, dresa aliyekuwa akigawa dawa, Bwana Lazarus, alimpima Dedan kifua, akawajazia dawa mpya ya kikohozi. Aliposikia habari ile, alitikisa kichwa. "Dawa ya kuchua ingemchoma mtoto huyu koo na tumbo. Mshukuruni aliyesema."

Nyumbani, kwa kuwa Mama hakujua kusoma, Wanjira alichora mdomo uliofunguka kwenye kipande cha karatasi, akakibandika kwenye chupa kwa uji wa unga. Tena wakaamua kwamba dawa ya kuchua itakayonunuliwa itakaa chumba kingine, mbali na za kunywa.

"Umenikasirikia, Mama?" Wanjira aliuliza.

"Kosa la kwanza lilikuwa langu," alisema Mama. "Alama niliyoijua peke yangu haikuwa alama. Nawe ulipanga kitu bila kuuliza maana yake. Mwanangu, dawa haipangwi ili ipendeze macho, hupangwa ili mtu yeyote wa nyumba hii asikosee. Na siku usipojua jambo, sema hujui, hata kama watu wamekwisha kukusifu. Leo 'sijui' yako imemponya ndugu yako."

Dedan alilamba kijiko cha dawa mpya, akakinyoosha tena kwa dada yake.

"Niongezee!"

"Hapana," alisema Wanjira akicheka. "Mpaka jioni."