Mate Kwenye Santuri

Mtunza santuri wa kituo cha redio alikuwa na tabia moja chafu aliyorithi kwa wakongwe wa kazi ile: santuri ikiwa na vumbi, aliitemea mate kidogo, akaifuta kwa kitambaa. Siku alipoleta nyumbani simfonia ya zamani ya okestra kubwa, kinywa kilikuwa kimemkauka kwa sigara, akamwomba mkewe ateme yeye. Mkewe, mwalimu wa shule, alicheka, akatema.

Wakakaa kusikiliza, jua la mchana likiwaka dirishani. Fidla zilipanda polepole kwa huzuni tamu, mabaragumu yakaitikia kwa mbali, kisha okestra nzima ikanyamaza. Katika kimya kile, ndani ya spika, mtu akameza mate.

"Umesikia?" mke alinong'ona.

Mume akasema ni mkwaruzo tu, vumbi halijatoka, akamtemesha tena. Mtu mzima na akili zake!

Wiki mbili baadaye nyumba ilinuka kidonda kilichooza. Mke hakuwa na tone la mate. Ulimi ulimpasuka, chakula kikamgomea kooni, akabaki mifupa na macho, huku santuri ikitoa utelezi wa manjano uliovutika kama kamasi kila sindano ilipoinuliwa, na kule kumeza, kuzito, kwa uroho, kukisikika hata mashine ikiwa imezimwa.

Mganga waliyemwita, mama asiyependa maneno mengi, aliinusa santuri akakunja uso. Aliwaambia jini alikuwa amekaukia humo miaka mingi. Wao wenyewe ndio waliomnywesha.

"Ipige kavu mpaka mwisho," akamwambia mume. "Asipate hata tone. Kiu ikimshinda atatoka, ndipo uivunje. Akionja tena, mimi simo."

Mume akainamia mashine, akifuta utelezi kwa kitambaa kikavu, akijizuia hata kukohoa. Ikafika sehemu ya mwisho. Fidla zote zikapanda pamoja, zikapanda tena pale alipodhani haziwezi, mabaragumu yakafunguka chini ya fidla, na yeye, mpenzi wa muziki ule tangu ujana, akasahau mganga, akasahau uvundo, akasahau hata kwa nini ameinama.

Chozi likamdondoka katikati ya santuri.

Kitandani, mkewe akameza mate. "Nipe maji," akasema, sauti imemrudia.

Mume alitaka kumkimbilia. Lakini vidole vyenye utelezi, vilivyotoka kwenye santuri, vilikuwa vimeshamshika kichwa kwa nyuma, na ulimi wa moto, wenye kukwaruza, ukaanza kumlamba jicho.