Msitu Una Wenyewe

Eufrazia na mumewe Ignas wanalima kabichi na karoti mlimani Uluguru, juu ya mji wa Morogoro. Kila alfajiri Eufrazia huchota maji kijitoni na kumwagilia. Mwaka ule kijito kilikuwa chembamba. Kabichi zilikuwa ndogo kama ngumi.

"Shamba limechoka," Ignas alisema huku akinoa panga. "Udongo wote umeshuka na mvua. Kesho nafyeka kule juu msituni. Nachoma, napanda maharage."

"Ule si ni msitu wa hifadhi?"

"Wa serikali. Maana yake hauna mwenyewe."

Maneno hayo tumeyasikia miaka mingi. Wenye misumeno ya mashine waliyasema, wakashusha mbao, wakajenga nyumba mjini. Mkulima akayarudia, na kijito kilichokauka ni chake.

Jirani yao Veronika alikuwa akipita. Kazi yake ni kuwaongoza watu wanaopanda mlima kwa miguu. Yeye na Eufrazia ni wa ukoo mmoja.

"Shemeji, panga hilo la harusi?" alitania.

"La msituni. Wewe unalipwa kuwaonyesha wageni vinyonga. Sisi tule nini?"

"Chimbeni matuta ya ngazi. Udongo utabaki."

Ignas alicheka kwa uchungu. "Kamwambie Mjomba."

Mjomba Dominiko ndiye msimamizi wa ardhi ya ukoo wa Eufrazia. Hapa ardhi hufuata upande wa mama. Alipokuwa mtoto, mkoloni aliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta. Dominiko aliona baba yake akichapwa kwa kukataa. Watu waliinuka, na mkoloni akaacha. Tangu hapo, hakuna tuta katika shamba la ukoo ule.

"Mkoloni tulimshinda," mzee alifoka walipomwendea wote watatu na wazo la matuta. "Leo mnanirudishia nyinyi?"

"Shikamoo, Mjomba," Veronika alisema. "Panda nasi hadi kwenye chemchemi. Ukirudi, ututukane."

Walipanda wote wanne. Mashambani vumbi liliteleza chini ya miguu. Walipoingia msituni, ardhi ikawa laini kama godoro. Magome ya miti yalikuwa yamelowa, ingawa mvua haikuwa imenyesha.

"Miti hii hukamata ukungu," Veronika alieleza. "Maji hudondoka, udongo huyanywa, kisha huyatoa kidogo kidogo hadi kiangazi. Kijito chenu kinaanzia hapa. Ukichoma, shemeji, mvua itaubeba udongo huu kama ilivyobeba wako. Utasogea juu tena. Na huko juu ni mawe."

"Na maji?" Eufrazia aliuliza.

"Maji yatakwisha."

Ignas alitazama chini. Dominiko aliinama, akafinya udongo mweusi. Maji yalipenya kati ya vidole vyake.

"Shamba letu lilikuwa na udongo kama huu," alisema. Akapangusa vidole. Kisha akasema, "Sisi tulikataa viboko. Udongo hatukuukataa. Veronika, tupimie hayo matuta. Lakini asije mtu kunisimamia!"

"Nani athubutu, Mjomba?"

Walichimba kabla ya mvua, wakikata mteremko kwa upana. Kingoni walipanda majani ya kulisha mbuzi.

"Dominiko kamrudisha mkoloni!" majirani walicheka.

"Mkoloni hatakula kabichi zangu," alijibu.

Masika yalipita, udongo ukabaki. Kiangazi kijito kilikuwa chembamba bado, lakini hakikukauka. Shamba lilishika unyevu, na kabichi zilijaa mikono miwili. Majirani waliacha kucheka. Wakaja kuuliza namna ya kupima.

Siku moja wanaume wawili walipanda na msumeno wa mashine. Dominiko alikuwa ameketi njiani, jembe mapajani.

"Mzee, tupishe. Msitu hauna mwenyewe."

"Una wenyewe," Dominiko alisema. "Mmoja ni mimi."

Wakageuka. Nyuma yao, Ignas, Eufrazia na majirani walikuwa wakipanda mlima, kila mmoja na jembe lake.