Kompyuta ya Mama na Rangi za Kweli

Kila alasiri alipotoka shule, Najua aliisikia kompyuta ya mama yake kabla hajafika mlangoni. Feni yake ilinguruma kama mashine ya kusaga nafaka, hata jirani wa upande wa pili wa ukuta alizoea kuuliza, "Enyi, leo mnasaga nini humo?" Najua aliingia, akavua viatu, akamwamkia mama yake, akafua soksi zake na kuzianika. Kisha akavuta kigoda, akakaa pembeni kumtazama mama akichora.

Najua halikuwa jina alilozaliwa nalo. Alipewa na baba yake, fundi seremala mwenye utani mwingi, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila jambo. Ukimwonya kwamba sufuria ni ya moto, atasema, "Najua!" huku anapuliza kidole kilichokwisha kuungua. Ukimweleza njia ya kufika dukani, atasema, "Najua!" kisha arudi baada ya muda kuuliza ni kona ipi.

Mama yake alichora picha za vitabu vya watoto. Chumba chake cha kazi zamani kilikuwa stoo. Sasa kilikuwa na dirisha moja, meza pana iliyochongwa na baba, kompyuta ya mezani, monita moja, na kibao cha kuchorea chenye kalamu yake. Mama alipopitisha kalamu juu ya kibao, mstari ulitokea kwenye monita. Siku hizi mstari ulichelewa. Mama alimaliza kuchora sikio la paka, akasubiri, ndipo sikio likajitokeza kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Mashine hii imezeeka," mama alisema. "Lakini nayo imenilisha."

Wiki ile kulikuwa na jambo kubwa. Mchapishaji mmoja alikuwa akitafuta mchoraji wa kitabu cha kusoma cha darasa la kwanza, kitabu ambacho kingefika katika shule nyingi. Alimwomba mama achore ukurasa mmoja wa majaribio, picha ya msichana anayenawa mikono bombani. Mama aliuchora kwa moyo wote, akautuma. Sasa ulikuwa umechapwa na kurudishwa.

Mama alifungua bahasha, akauinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Uso wa msichana ulikuwa wa manjano. Mikono yake pia ilikuwa ya manjano. Hata povu la sabuni lilionekana kama limechanganywa na mafuta ya kupikia.

Simu ikalia. Alikuwa mhariri wa yule mchapishaji.

"Mama, mchoro wako ni mzuri sana," alisema, "lakini rangi zimekwenda mrama. Mitambo yetu tumeikagua, haina tatizo. Nadhani tatizo liko kwako. Nakupa nafasi moja zaidi kabla ya mwezi kwisha. Tukikosa rangi sahihi, itabidi tumtafute mwingine."

Mama aliweka simu chini polepole. Alishika ukurasa kando ya monita, akatazama huku, akatazama kule. Kwenye monita msichana alikuwa na afya tele. "Nimeelewa," alisema hatimaye. "Monita hii imechakaa, inavuta kwenye bluu. Mimi huongeza manjano ili uso uonekane sawa. Kumbe uso unakuwa sawa hapa tu. Karatasini manjano yote yanabaki pale pale."

Usiku, wakati wa chakula, mama na baba waliamua kutoa akiba waliyoiweka kwa ajili ya siku kama hiyo, wanunue kompyuta mpya na monita mbili.

"Sasa tutachaguaje?" baba aliuliza. "Mimi ukiniletea mbao, nitakwambia ipi itapinda. Haya mambo ya kompyuta siyawezi."

"Najua!" binti yao aliruka. "Shuleni tunazungumza habari za kompyuta kila siku. Nimeona na video. Mama, niachie mimi."

Mama alimtazama kwa macho yaliyochoka. "Haya, mwanangu. Mimi najua kuchora tu. Nitakutegemea."

Najua alilala kichwa kimevimba kwa sifa.

Jumamosi walikwenda kwenye duka kubwa la kompyuta. Muuzaji alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, na sauti ya mtu asiye na haraka. Najua hakumsubiri amalize hata kuwakaribisha. Alikuwa ameshaiona aliyoitaka. Sanduku lake lilikuwa na ubavu wa kioo, na ndani taa nyekundu, kijani na zambarau zilifukuzana. Kando yake palikuwa na monita iliyopinda kama mwezi mchanga, ikionyesha kasuku mwenye rangi kali kiasi cha kuumiza macho.

"Hii hapa!" alisema Najua.

"Ni nzuri," muuzaji alijibu. "Mnaitaka kwa kazi gani?"

"Kazi ya sanaa, anti. Tunajua tunachotaka."

"Sawa. Na kumbukumbu, mnataka ya kiasi gani?"

"Kubwa," alisema Najua.

"Na diski?"

"Kubwa pia."

"Na monita? Mnajali zaidi kasi yake au usahihi wa rangi?"

Najua alitafuta jibu katika video zote alizowahi kuona, akakuta taa tu na muziki. Akageuka. Mama alikuwa amekumbatia mkoba wake kwa mikono miwili, anamsubiri yeye ajibu, kama mgonjwa anavyomsubiri daktari. Najua angeweza kusema "kasi," na hakuna ambaye angembishia. Wangelipa, wangebeba, wangekwenda zao.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "usilipe kwanza. Sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui chochote kuhusu monita. Hata kumbukumbu nimesema kubwa kwa sababu... kubwa ni kubwa." Machozi yalimlenga. "Nilikuwa najifanya tu."

Mama alishusha pumzi ndefu. Najua alijiandaa kukemewa mbele za watu. Lakini mama alimwekea mkono begani. "Basi tuko wawili," alisema. "Afadhali tumejuana mapema."

Muuzaji alivaa miwani yake, akavuta viti vitatu.

"Sasa tunaweza kuzungumza," alisema. "Mteja akiniambia anajua, mimi ni nani nimbishie? Lakini akisema hajui, ninafurahi, maana nitafanya kazi yangu. Mama, wewe unafanya nini hasa?"

Mama alieleza: michoro yake, kalamu inayochelewa, uso wa manjano. Muuzaji alisikiliza mpaka mwisho.

"Sikiliza, binti," alimwambia Najua. "Kumbukumbu ya kompyuta ni kama meza ya kazi. Meza ikiwa ndogo, kila ukitaka kutandika karatasi mpya lazima uondoe nyingine, na hapo ndipo kalamu inapochelewa. Diski ni kabati, mahali pa kutunzia kazi iliyokwisha. Prosesa ni yule fundi mwenyewe. Unaweza kuwa na kabati kubwa kama nyumba, lakini meza ikiwa ndogo, fundi atahangaika. Hii yenye taa imetengenezwa kwa wacheza michezo, na kwa michezo ni hodari. Lakini meza yake si pana, na sehemu ya bei yake ni hizo taa."

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," mama alinong'ona.

"Usiitukane bidhaa yangu, mama, wapo watakaoipenda!" muuzaji alicheka. "Mimi ninasema tu si yenu."

Najua alifuta macho. Swali lilikuwa limemjia, na safari hii hakuona haya kuliuliza. "Anti, tunaweza kuja na kazi ya mama mwenyewe tuifungue hapa, tuone ipi inaiweza?"

Muuzaji alimtazama juu ya miwani. "Njooni Jumamosi ijayo asubuhi, kabla watu hawajajaa. Mje na kazi nzito kuliko zote."

Wiki ile Najua alifanya kazi kwelikweli. Wakati wa mapumziko alimfuata mwalimu wa kompyuta. Wenzake walipomwona, mmoja alicheka, "Leo Najua anauliza?" Aliwaacha wacheke. Mwalimu alimwonyesha jinsi ya kutazama kompyuta inapotumia kumbukumbu yake, na nyumbani Najua alikaa karibu na mama akitazama. Aligundua kwamba mama huchora kwa tabaka: anga peke yake, nyumba peke yake, mtoto peke yake, zikilazwa moja juu ya nyingine. Tabaka zilipokuwa chache, kalamu ilikwenda vizuri. Zilipoongezeka, kumbukumbu ilijaa pomoni, feni ikapiga kelele, na mstari ukaanza kuchelewa.

"Meza imejaa!" Najua alipiga makofi. "Mama, tatizo ni meza!"

"Meza yangu haina tatizo!" baba alijibu kutoka uani, nyundo mkononi.

Jumamosi walirudi dukani. Walibeba diski ndogo yenye mchoro wa soko, mzito kuliko yote mama aliyowahi kuchora, na kitabu cha zamani ambacho mama alikichorea picha wakati monita yake ingali mpya na rangi zilichapwa vizuri. Picha za kitabu hicho pia zilikuwemo kwenye diski.

Walianza na lile sanduku la taa. Lilifungua mchoro wa soko, lakini mama alipochora mstari, ukajikwaa. Kisha muuzaji akawasha sanduku jeusi lisilo na pambo lolote, utadhani kasha la viatu. Mama akapitisha kalamu. Mstari ukamfuata papo hapo kama kivuli. Akachora mwingine, akachora mwingine, akasahau kwamba yuko dukani, akamwongezea muuza nyanya kilemba.

Najua aliweka sikio lake juu ya sanduku. "Anti, limewaka kweli?"

"Limewaka, binti. Halina kelele tu."

Zikabaki monita. Kwenye ile iliyopinda, picha ya kitabuni ilipendeza mno. Mashavu ya mtoto yalikuwa mekundu kama nyanya, na majani yaling'aa kama yamepakwa mafuta. Hata mama alivutiwa. "Jamani, nilichora vizuri hivi?"

"Subiri, mama," alisema Najua. Akainua kitabu, akakishika kando ya kioo, kama mama alivyofanya siku ile ya bahasha. Mtoto wa kitabuni na mtoto wa kwenye monita hawakufanana hata kidogo. "Anti, mwanga wake unapungua?"

"Unapungua. Dukani tunazipandisha mwanga ili ziite wateja."

Walipunguza. Mashavu yalibaki ya nyanya. Wakahamia monita ya pili, majani yakawa ya bluu. Ya tatu ilikuwa bapa, fremu yake ya kijivu, imewekwa kwenye kona ambako hakuna aliyesimama kuitazama. Muuzaji alifungua picha, Najua akashika kitabu kando yake. Mama alisogea karibu. Ngozi ilikuwa ile ile. Majani yalikuwa yale yale. Hata kivuli kidogo chini ya kidevu, ambacho mama alikichora kwa rangi ya hudhurungi nyepesi, kilikuwapo.

"Ni huyu," mama alisema. "Huyu ndiye mtoto niliyemchora."

"Na monita ya pili?" muuzaji aliuliza.

Mama alimgeukia Najua. Najua alifikiri kwanza. "Ya pili ni ya kusomea barua na kuwekea picha za kuigia. Rangi zake si lazima ziwe sahihi namna hii. Tuchukue ya kawaida. Nimekosea, anti?"

"Hujakosea hata chembe."

Nyumbani, baba alilizunguka sanduku jeusi mara kadhaa. "Hili ndilo? Mimi nilidhani mtaniletea disko!" Lakini aliwachongea kibao cha kuinulia monita ili mama asiinamishe shingo, na wakaigeuza meza ili jua la dirishani lisipige kwenye kioo. Mama alimchora upya yule msichana wa bombani, akautuma ukurasa.

Siku chache baadaye simu ililia. Mama aliweka sauti juu ili wote wasikie.

"Mama, ukurasa umetoka kwenye mtambo sasa hivi," mhariri alisema. "Watu wote ofisini wameacha kazi zao kuutazama. Kitabu ni chako. Chote, kuanzia jalada."

Baba alirusha kofia yake juu. Najua na mama walishikana mikono, wakarukaruka mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Walipomwambia, naye akapiga vigelegele.

Muhula uliofuata, vitabu viliwasili shuleni. Mwalimu mkuu alimwalika mama aje kuvigawa darasa la kwanza, na darasa la Najua likaruhusiwa kutazama. Watoto walifunua kurasa, wakaanza kupiga kelele za furaha. "Mwone huyu, kama dada yangu!" "Tazama sabuni inavyotoa povu!" Kichwa cha kila mmoja kilikuwa kimeinama juu ya rangi za mama.

Mwalimu mkuu alimwomba mama aseme neno. Mama alisimama mbele ya ubao.

"Wanangu," alisema, "picha hizi nimezichora mimi, lakini bila binti yangu msingeziona. Tulipokwenda kununua kompyuta, karibu tuchague kwa macho, kwa sababu alikuwa akijifanya mjuzi nami nilikuwa nikimwachia mzigo usio wake. Aliponiambia ukweli, kwamba hajui, ndipo tulipoanza kujifunza sote wawili. Ukijifanya unajua, mlango unaufunga mwenyewe kwa ndani. Sema hujui, uliza, kisha kaa chini ufanye kazi mpaka ujue. Na kitu chochote mnachochagua, kipimeni kwa kazi yake, msikipime kwa mng'ao wake."

Darasa zima likapiga makofi. Najua alisimama, kifua mbele, machozi ya furaha yakimshuka, na hakuyaficha.